Matete Kumi ya Kitalu cha Sita

Kila Jumamosi, baada ya chai na kabla jua halijawa kali, mimi na Mama tulikwenda kupima matete. Watoto wengine wa mtaani walifua sare zao au walicheza mpira. Mimi nilibeba rula ya mbao iliyonizidi urefu karibu mara mbili, na ndiyo maana shuleni na mtaani waliniita Rula. Sikukasirika. Darasani kwetu kulikuwa na mwenzetu aliyeitwa Kiroboto, kwa hiyo mimi nilijiona nimebahatika.

Kinamasi kilikuwa nyuma ya mji, mahali ambapo maji yote yaliyotumika majumbani na kwenye karakana yalipita kabla ya kuingia mferejini. Yalikuja yakiwa meusi, yenye povu. Yalipenya taratibu katikati ya matete, kitalu kimoja baada ya kingine, na yalipotoka kitalu cha sita, ambacho kilikuwa cha mwisho, uliweza kuona kokoto chini. Baada ya hapo kulikuwa na visima vya mtaa wa bondeni. Kabla matete hayajapandwa, watoto wa bondeni waliumwa matumbo kila msimu wa mvua, na si wote waliopona.

Ofisi ya maji ilimwajiri Mama ili ijue kama matete yana afya. Katika kila kitalu kulikuwa na mashina kumi yaliyofungwa vibati vyenye namba. Tulipima urefu wa kila shina, unene wake kwenye pingili ya tatu, tukahesabu majani, na kama limetoa shada la maua tuliandika. Baba ndiye aliyenifundisha. Kazi ilikuwa yake kabla figo hazijamwangusha, nami nikiwa na miaka kumi na nusu. "Anza kwenye tope," alikuwa akiniambia. "Usianze kwenye uso wa maji. Maji leo yako hapa, kesho yako pale." Na muda wote wa kupima alivuma kwa midomo iliyofungwa, wimbo usio na maneno, unaopanda kidogo na kushuka kidogo. Ukimpoteza katikati ya matete, ulifuata mvumo huo tu.

Baba alipofariki, Mama alichukua daftari na rula. Vitalu vitano alivipima mwenyewe, cha sita akaniachia mimi. "Mkono wako mwepesi," alisema. Kitalu cha sita kilikuwa ng'ambo ya daraja la mbao, baada ya kona, na hakikuonekana kutoka kwenye vingine. Ndicho kitalu cha mwisho alichokipima Baba. Mwandiko wake ulioinama unaishia hapo, kwenye shina la tano, na mistari mitano chini yake ilibaki mitupu.

Nilikipima mwaka mzima na zaidi bila shida. Kisha, Jumamosi moja ya kiangazi yenye upepo, nikiwa nimefika katikati ya daraja, nikamsikia.

Ulikuwa mvumo uleule. Ulipanda kidogo, ukashuka, ukanyamaza kama mtu anayeandika namba, kisha ukaanza tena. Ulitoka ndani ya kitalu cha sita. Nilisimama na rula begani, miguu ikakataa kwenda mbele na ikakataa kurudi nyuma. Nikaita, "Baba?" kwa sauti ndogo sana. Upepo ulivuma kwa nguvu zaidi, na mvumo ukaongezeka, kana kwamba nimejibiwa.

Nitasema ukweli wote. Nilitamani sana awe yeye, na niliogopa sana awe yeye, na sikujua lipi kati ya hayo mawili lilinitoa machozi. Nilikaa pale darajani nikiwa nimeziba masikio mpaka nikadhani muda wa kupima mashina kumi umekwisha. Kisha nikafungua daftari, nikatazama namba za wiki iliyopita, nikaongeza sentimita mbili hapa na tatu pale.

"Umemaliza?" Mama aliuliza niliporudi.

"Nimemaliza."

"Yanaendeleaje?"

"Vizuri," nikasema, na lilikuwa neno jepesi kuliko nilivyotarajia.

Jumatatu nilimweleza Pilipili, rafiki yangu wa dawati moja. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa mfupi na mkali. Nilitegemea atanicheka, lakini alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameacha hata kutafuna kalamu.

"Usirudi kule," alisema. "Andika tu. Nani atakwenda kuhesabu manyasi nyuma yako?"

"Je, Mama akijua?"

"Atajuaje? Tete ni tete. Kazi yake ni kurefuka."

Niliufuata ushauri wa Pilipili mpaka zikatimia wiki tano. Kila Jumamosi nilivuka nusu ya daraja, nikasikia mvumo, nikaketi, nikaandika. Nikawa hodari wa kudanganya. Sikuongeza sawasawa, kwa kuwa nilijua hilo lingeonekana. Shina la pili nililipa sentimita moja, la nne nikalipa tatu, la saba nikalipa shada zuri la maua wiki ya pili kwa sababu niliona halijapata kitu.

Lakini mashina yale kumi hayakukubali kubaki kwenye daftari. Yalinifuata. Nilikuwa nikichota maji, nikakumbuka kwamba shina la tisa sijaliongezea jani. Mwalimu alikuwa akisoma majina, nami nilikuwa nikisikia vibati vikigongana. Mchana mmoja nilikuwa peke yangu nyumbani nikipiga pasi, nikasikia mvumo wa Baba chumbani kwao. Niliacha pasi ikaunguza kola ya blauzi. Kumbe alikuwa nzi kwenye kioo cha dirisha. Nilimfungulia akatoka, lakini sikuingia tena chumba kile siku nzima. Niliona kama Baba anazunguka akitafuta namba zake, na kila akifungua daftari anakuta mwandiko wangu.

Ijumaa ya wiki ya tano, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, Mzee Lango alikuja nyumbani. Huyu ndiye aliyefungua na kufunga lango la maji la kinamasi. Alikuwa mzee mpole, na alikuwa na mazoea ya kuvua viatu mbali sana na mlango, kana kwamba vitamsikiliza.

"Mama Rula," alisema baada ya salamu, "mvua ni ya wiki hii. Kesho asubuhi nataka kupandisha maji yafike sentimita tisini vitalu vyote. Nimekuja kuuliza, matete yameshayapita?"

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikichambua maharage. Nilijua kwa nini anauliza. Baba alinieleza zamani kwamba tete huvuta hewa kwa juu, likaipeleka chini kwenye mizizi kupitia uwazi wa ndani ya shina. Maji yakilifunika lote, mizizi hukosa pumzi na kufa ndani ya siku chache. Lakini sikuwa na wasiwasi. Matete yangu yalikuwa na mita mbili na zaidi.

Mama alifungua daftari, akawa anateremsha kidole. "Cha kwanza, yamepita. Cha pili, yamepita." Alipofika cha sita kidole kilikwenda, kikasimama, kikarudi juu, kikashuka tena taratibu.

"Shina la saba," alisema bila kuinua macho. "Lilitoa shada lini?"

"Wiki ya pili, Mama."

"Na tangu wiki ya pili hadi leo limeongezeka sentimita kumi na moja."

"Ndiyo, Mama."

"Tete likishatoa shada limemaliza kurefuka, mwanangu. Hata Mzee Lango anajua hilo." Alifunua ukurasa mmoja nyuma, kisha mwingine. "Tena wiki tano hizi hakuna lililovunjwa na ndege. Hakuna lililoliwa na funza. Halijakauka hata jani moja. Matete yangu yanaumwa, yako hayaumwi."

Mzee Lango aliangalia nje, kuelekea viatu vyake.

Ningeweza kusema nimekosea kuandika. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwangalia Mama usoni, nikaona amechoka, na mimi pia nilikuwa nimechoka kuyakuza yale matete.

"Sikwenda," nilisema. "Wiki zote tano sikwenda. Naishia darajani."

"Kwa nini?"

"Baba yuko kule. Anavuma, Mama. Namsikia."

Nilitegemea kofi, au ukali. Mama alifunga daftari, akaliweka mapajani. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea kabisa.

"Tangu tumzike sijavuka lile daraja. Nilikuambia mkono wako mwepesi. Ukweli ni kwamba mguu wangu ndio uliokuwa mzito. Nilikutuma mtoto mahali nilipoogopa mimi mtu mzima." Alisimama, akachukua buti zake nyuma ya mlango. "Vaa zako. Jua bado lipo. Mzee, tafadhali twende wote."

Upepo wa mvua ulikuwa mkali siku hiyo. Hata kabla hatujafika darajani tuliusikia mvumo. Ulipanda, ukashuka, ukanyamaza, ukaanza tena. Mama alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nilimtazama nikitumaini ataniambia hasikii kitu, au kwamba ni ndege tu.

"Ni yeye," alinong'ona.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtoto akiogopa peke yake bado anaamini kuna mtu mzima mahali fulani asiyeogopa. Mimi sasa sikuwa na pa kukimbilia. Nyuma yetu Mzee Lango alikohoa, akasema kwa upole, "Mama Rula, tuvuke tu. Kama ni yeye, hawezi kuwadhuru ninyi."

Tulivuka. Tukapita kona. Kitalu cha sita hakikuwepo.

Mahali palipokuwa na ukuta wa matete kulikuwa na uwazi mkubwa wa maji ya kijivu, na juu ya maji visiki vingi vya matete vilivyokatwa kwa panga, vyote wazi kwa juu. Upepo ulipita juu yake, na kila kisiki kikatoa sauti, kama chupa tupu inavyofanya ukiipuliza mdomoni. Virefu vilitoa sauti nzito, vifupi nyembamba. Zote kwa pamoja zilikuwa ule mvumo.

Niliinama, nikaziba kisiki kimoja kwa kidole gumba. Sauti moja ikatoka kwenye wimbo. Nikakiachia, ikarudi. Nikaziba kingine, na kingine. Mama alinitazama nikifanya hivyo, kisha naye akainama akaziba kimoja, akaachia.

Ungedhani nilifurahi. Nililia kuliko siku ya kwanza. Wiki tano nilikuwa nimemwogopa, lakini pia kwa wiki tano nilikuwa naye, na sasa alikuwa ameniondokea mara ya pili. Mama alinikumbatia tukiwa tumesimama majini mpaka magotini, na yeye pia alilia, bila kujificha. Mzee Lango alitupa mgongo, akajishughulisha kutafuta vibati topeni.

Ni yeye aliyeturudisha kwenye kazi. "Samahani," alisema, "tazameni hapa chini." Alisogeza maji kwa kiganja. Pembeni ya kisiki, chini ya maji, lilikuwa limechomoza chipukizi jeupe, dogo kama kidole cha mtoto. Karibu kila kisiki kilikuwa na lake. "Hayajafa. Yanavuta hewa kwa hivi visiki. Kesho asubuhi ningeyafunika yote."

Nikafikiria maji meusi yakipita hapa bila kizuizi mpaka visimani. Nikamfikiria Pilipili, ambaye kwao ni bondeni, na ndoo yake ya bluu.

"Pima," Mama aliniambia, akanipa rula.

Nilianza kwenye tope. Kisiki cha kwanza, sentimita thelathini na nne. Cha pili, thelathini na moja. Cha tatu, thelathini na saba. Nilisoma kila namba kwa sauti, Mama akaandika, na mvumo ukaendelea kutuzunguka muda wote. Haukuwa Baba, lakini mwili wangu haukuamini upesi, na kila uliponyamaza nilijikuta nikisubiri. Kisiki kifupi kuliko vyote kilikuwa na thelathini na moja. Maji yalikuwa ishirini.

"Basi nayashikilia ishirini na tano," alisema Mzee Lango. "Yasizidi hapo mpaka machipukizi haya yote yapite mita moja. Lakini maji ya mvua lazima yapate pa kwenda, na mtaro wa zamani wa pembeni umejaa udongo tangu enzi."

Asubuhi yake aliyekuja wa kwanza na koleo alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kwa matete. Mzee Lango alikuwa amemwendea nyumbani kwake, kwa sababu mikato ya panga aliitambua. Fundi hakukana kwamba ndiye aliyeyakata. "Nilikuta kamba ya mpaka imekatika," alimwambia Mama, kofia mkononi. "Nikadhani hapa ni eneo huria. Nilisubiri mtu aje kunigombeza, wiki ikapita, wiki mbili, hakuna aliyekuja. Nikajua niko sawa."

Mama alinitazama kidogo tu, akageukia mtaro. Kama ningekwenda Jumamosi ile ya kwanza, ningeiona kamba iliyokatika na visiki vya kwanza, kabla hajakata kitalu kizima.

Tulichimba siku nzima, sisi wanne. Mchana Pilipili akaja na ndoo yake ya bluu, akachota udongo bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kuumwa. Mwishowe aliniuliza, "Ni kwa sababu nilikuambia uandike tu?"

"Uliniambia wewe, lakini niliandika mimi," nilimjibu. Mvua ilianza tukiwa tunatoa koleo za mwisho. Maji yalipofika mdomo wa mtaro yalisita, kisha yakageuka yakafuata njia yake mpya.

Jioni ile Mama alifungua daftari mezani. Nilitaka kuzifuta zile namba, akanizuia. "Hatufuti. Piga mstari mmoja, zisomeke, halafu andika chini yake ilivyokuwa." Niliandika: *Wiki ya kwanza hadi ya tano, kitalu cha sita hakikupimwa. Niliogopa.* Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu. Mama alichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika chini ya maneno yangu kwa mwandiko wake wa mviringo: *Mimi pia niliogopa, tangu mwaka juzi. Sikukagua.* Akatia sahihi, akanipa nami nitie yangu, na Jumatatu daftari likaenda ofisini hivyo hivyo. Huko walimwita na kumwonya kwa barua. Aliisoma mara moja, akaiweka ndani ya daftari.

Baada ya hapo tulikipima kitalu cha sita wawili. Mvua iliyapa nguvu machipukizi, yakawa yanapanda kwa kasi ya kushangaza. Lakini lilikuwapo moja lililovunjwa na ndege na mengine mawili yaliyoliwa na funza, nami niliyaandika yote. Mvumo ulipungua wiki hadi wiki, majani mapya yalivyoukinga upepo.

Wiki ya saba Mzee Lango alitusubiri darajani, funguo za lango mkononi. Mtaro ulikuwa umejaa karibu kufurika, na wingu jingine lilikuwa linakuja. "Mjukuu wangu," aliniambia, "nipe habari njema. Nipandishe maji?"

Nilipima yote kumi. Tisa yalikuwa yamepita mita moja. La pili nililipima mara tatu, nikianza kwenye tope kila mara. Nilijua jibu analolitaka. Nilimwona amechoka, amelowa, na kwao ni mbali.

"Bado, Mzee," nilisema. "La pili lina tisini na nane."

"Sentimita mbili tu?"

"Mbili."

Akazirudisha funguo mfukoni. "Basi tutakesha na mtaro kesho na keshokutwa," alisema, na akaondoka kwenda kutafuta koleo. Hakutaka kuja kupima mwenyewe, wala hakumuuliza Mama.

Mama alikuwa anafuta tope kwenye rula. "Umeona?" aliniambia. "Hilo ndilo tulilokuwa tumelipoteza, mimi na wewe. Kuogopa si kosa, mwanangu. Ungeniambia, 'Mama, siwezi kufika kule,' ningekuwa na cha kufanya, na mimi ningepata mahali pa kusema kwamba hata mimi siwezi. Kosa ni kuandika kwamba ulifika. Yule mzee hajui kupima matete. Anatuamini sisi, halafu anafungua maji, na watu wa bondeni wanakunywa."

Siku ya tatu shina la pili lilikuwa na mita moja na sentimita tatu. Nilikimbia mwenyewe mpaka langoni kumwambia.